Kulima Sukuma Wiki Dodoma Katika Msimu Mfupi wa Kipupwe: Mwongozo Kamili

Watu wengi wa Dodoma husia sukuma wiki Desemba kwa sababu kila kitu husiwa Desemba. Mvua zimefika, jembe limeshatoka, na mbegu za mboga zinaingia shambani pamoja na za mtama, alizeti na karanga. Ikifika Februari majani yana madoa, matone ya mvua yamerusha udongo hadi kwenye majani ya juu, na hata yaliyo mazima hayapati mnunuzi, kwa kuwa mchicha, mlenda, majani ya kunde na ya maboga yamejiotea kila kona na hakuna anayetoa fedha kununua mboga. Nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa kabla sijakubali kwamba msimu wa zao hili katika mkoa wetu si masika. Msimu wake ni kipupwe, yaani ile miezi michache ya baridi na upepo kati ya mwisho wa Mei na mwanzo wa Septemba, na kazi yote inayoelezwa hapa imepangwa kwa kuhesabu siku kurudi nyuma kutoka miezi hiyo.

Kwa nini kipupwe

Sukuma wiki ni ndugu wa kabichi, koliflawa na brokoli. Kwa mtaalamu wa mimea wote hao ni spishi moja iliyochaguliwa na wakulima kwa karne nyingi ili itoe umbo tofauti. Asili yao ni nchi za baridi kiasi, na mche hukua vizuri zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi. Mji wa Dodoma uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua zake, ambazo kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600, huja kwa mkupuo mmoja kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu. Juni hadi Agosti joto la usiku hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na mchana huishia kwenye nyuzi 26 hadi 28. Oktoba na Novemba mchana hupita nyuzi 30, na jani la sukuma wiki lililokomaa katika joto hilo huwa gumu, chungu na limejaa vidukari.

Katika nchi zenye baridi kali, kama Norwei au majimbo ya kaskazini ya Marekani, mkulima wa mboga hii huhesabu siku kutoka usiku wa kwanza wa sakitu, yaani umande ulioganda, na huhakikisha mche umeshakuwa mkubwa kabla ya usiku huo kufika. Mmea uliokomaa huvumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri, na majani yake huwa matamu zaidi baada ya baridi, kwa sababu mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari ili maji yaliyo ndani ya seli yasigande upesi. Sisi hatuna sakitu; anayetaka kuiona hapa nchini aende nyanda za Kitulo kule Makete mwezi Juni au Julai. Hata hivyo hesabu yetu ni ileile, ila tarehe yetu ya mwisho inawekwa na joto la Septemba na kina cha maji kisimani.

Hesabu yenyewe ni hii. Mche hukaa kitaluni wiki 4 hadi 6. Kutoka kupandikizwa hadi kuchuma jani la kwanza ni wiki nyingine 4 hadi 6. Kwa hiyo anayesia kati ya tarehe 10 na 20 Aprili hupandikiza katika nusu ya pili ya Mei, huanza kuchuma mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, na hubaki na takriban wiki 12 za mavuno mazuri kabla joto halijarudi. Anayesia Juni akidhani ndiyo ameingia kwenye baridi hupoteza nusu ya msimu: mbegu ambayo Aprili huota kwa siku 4 hadi 7 huchelewa usiku wa baridi, mche hudumaa, na mavuno yake ya kwanza huangukia Agosti.

Mbegu

Aina zinazopatikana kwenye maduka ya pembejeo ni za kawaida, kama ile ya majani mapana laini iitwayo Georgia na ile yenye machipukizi mengi iitwayo Thousand Headed, pamoja na chotara za kampuni mbalimbali. Chotara huwahi na majani yake hulingana, jambo linalompendeza muuzaji wa mafungu. Kwa bustani ya nyumbani sioni sababu ya kulipa bei yake. Gramu moja ina mbegu zinazokaribia 300, kwa hiyo pakiti ndogo kabisa inatosha familia kadhaa. Soma tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti, wala usinunue mbegu za kupimiwa kwa kijiko kutoka kopo lililokaa wazi dirishani mwa duka.

Usitegemee kuvuna mbegu zako mwenyewe. Ili mmea huu utoe maua unahitaji wiki kadhaa za baridi iliyo chini ya nyuzi 10 hivi, na Dodoma hatufiki huko, ndiyo maana mche mmoja unaweza kukaa mwaka mzima na kurefuka kama fimbo bila ua hata moja. Kwa mchuma majani hiyo ni neema. Kwa mtaka mbegu ni hasara.

Kitalu

Chagua mahali penye kivuli cha mchana na karibu na maji, na pasiwe palipokuwa na kabichi, chainizi au figiri katika miaka 2 iliyopita. Kitalu cha mita 1 kwa mita 1 kinatosha miche mia moja na zaidi. Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza hadi haina tena harufu ya zizi, sawazisha, kisha chora mifereji yenye kina cha sentimita 1 na umbali wa sentimita 15 kati ya mfereji na mfereji. Sia mbegu chache chache. Mkono hupenda kumwaga, na miche iliyosongamana huugua kinyausi, ule ugonjwa unaokata shina mahali linapoota ardhini kana kwamba limebanwa na uzi. Fukia kwa udongo mwepesi, tandaza nyasi kavu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo.

Nyasi hizo ziondolewe siku ileile miche inapochungulia, si kesho yake. Mche uliolala chini ya nyasi siku 2 zaidi hutoka mweupe na mrefu, na hausimami tena. Baada ya kuondoa nyasi, weka kichanja chenye kivuli chepesi kwa urefu wa kama mita 1, na miche ikifika majani 2 ya kweli, ing'oe ile iliyobanana hadi kila mmoja upate nafasi ya sentimita 3 hadi 5. Wiki ya mwisho kabla ya kupandikiza punguza maji na uondoe kivuli kidogo kidogo, ili mche uzoee jua na upepo utakaokutana nao shambani.

Kuandaa tuta la kuzama

Vitabu vingi vya kilimo cha bustani huelekeza tuta lililoinuliwa. Katika masika hilo ni shauri zuri. Katika kipupwe cha Dodoma, tuta lililoinuliwa ni sawa na kuanika udongo juani: upepo hulikausha pande zote na maji hukimbilia kwenye njia. Tunachohitaji ni tuta la kuzama, ambalo uso wake uko chini ya njia kwa kama sentimita 10, lenye kingo za udongo pande zote 4.

Pima upana wa mita 1 na urefu wa mita 10. Chimba udongo wa juu kwa kina cha sentimita 20 na uuweke upande mmoja, kisha tifua udongo wa chini bila kuutoa. Rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi, angalau madebe 3 kwa tuta hilo, na zaidi kama ardhi yako ni ile ya kichanga chekundu isiyoshika maji. Udongo unaobaki ndio wa kujengea kingo.

Kuhusu samadi niongeze neno, kwa kuwa ndiyo mali tuliyo nayo kwa wingi kuliko mikoa mingi na ndiyo tunayoiharibu. Samadi ya zizini kwetu huwa kavu sana, imechanganyika na mchanga, na imejaa mbegu za mbigili na magugu mengine ambayo mifugo imekula malishoni. Ukiichota na kuimwaga moja kwa moja, utapalilia msimu mzima huku miiba ikikuchoma vidoleni. Mavi ya mbuzi nayo, yakiwa mazimazima, hukaa ardhini miezi bila kuoza kwa kukosa unyevu. Irundike samadi kuanzia Januari, mvua zikiwa bado zipo, chini ya mti au chini ya turubai. Ilowe, igeuze kila baada ya wiki 2 au 3, na kufikia Mei itakuwa nyeusi na laini, nayo mbegu nyingi za magugu zitakuwa zimeungua katika joto la lundo. Mwaka mmoja nilikosa subira, nikanunua mzigo wa samadi mbichi na kuuingiza tutani wiki moja kabla ya kupandikiza. Ncha za majani ziliungua kahawia ndani ya siku 5, na nikapoteza karibu theluthi ya miche.

Upepo

Hili ndilo jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nyanda za juu huliruka. Upepo wa Dodoma katika miezi hii hutoka mashariki na kusini-mashariki, nao huvuma karibu kila siku. Kwa sukuma wiki una madhara mawili: hukausha jani haraka kuliko mizizi inavyoweza kupeleka maji, na hutikisa shina hadi mche mchanga unazungusha kitundu ardhini na mizizi midogo inakatika.

Weka kizuizi upande wa mashariki kabla hujapandikiza. Uzio wa mabua ya mtama au mahindi, uliofungwa kwa nafasi ndogo ndogo, unafaa kuliko ukuta wa tofali. Upepo ukigonga ukuta huruka juu na kushuka kwa kishindo upande wa pili, lakini ukipita katikati ya mabua hupungua nguvu tu. Nilijifunza hilo kwa kupanda safu moja nyuma ya ukuta wa nyumba nikidhani nimeikinga. Miche iliyokuwa mita 3 kutoka ukutani ilipinda yote kuelekea upande mmoja, na iliyokuwa nyuma ya mabua ilisimama wima. Uzio wa namna hiyo hukinga eneo la hadi mara 10 ya kimo chake, kwa hiyo mabua ya mita 1.5 yanatosha bustani ya kawaida. Yafungie pande zote kama una majirani wenye mbuzi, na Dodoma nani hana?

Kupandikiza

Pandikiza jioni, jua likiwa limeshuka. Mwagilia kitalu saa chache kabla, na tuta pia. Chagua mche wenye majani 4 hadi 6 ya kweli, kimo cha sentimita 10 hadi 15 na shina linalokaribia unene wa penseli. Kabla ya kuuweka shimoni, utazame katikati: pale majani yanapokutana pawe na kijani kidogo kilichojikunja, ambacho ndicho moyo wa mche. Mingine huwa haina moyo, ama umeliwa na kiwavi au umevunjika, na mche wa namna hiyo utabaki na majani manne yaleyale manene hadi uchoke kuusubiri. Utupe.

Panda safu 2 katika tuta, umbali wa sentimita 60 kati ya safu na sentimita 45 kati ya mche na mche. Tuta la mita 10 litachukua miche 44 hivi, ambayo ni mboga ya kutosha kwa familia kubwa na ya kumgawia jirani. Shimo liingize mizizi bila kuikunja, na udongo ufike chini kidogo ya majani ya kwanza. Bana udongo kwa vidole kuzunguka shina, kisha jaribu kuvuta jani moja taratibu: jani likatike kabla mche haujang'oka. Ukitaka kutumia mbolea ya kupandia ya dukani, kijiko kimoja cha chai cha DAP au NPK kwa shimo kinatosha, kifunikwe na udongo ili kisigusane na mizizi.

Asubuhi inayofuata pitia tuta mapema. Mche uliolala chini umekatwa shina usiku ni kazi ya sota, kiwavi mnene wa kijivu anayejikunja kama pete akiguswa. Fukua udongo kwa kidole kuuzunguka mche huo, kwa kawaida utamkuta hapohapo, na usipomwua leo atahamia wa pili kesho.

Maji

Katika ukavu na upepo wetu, mita 1 ya mraba ya bustani hupoteza takriban lita 5 hadi 6 za maji kwa siku. Tuta la mita 10 za mraba kwa hiyo linahitaji lita 50 hadi 60, yaani ndoo 3 za lita 20, miche ikishakuwa mikubwa. Katika wiki 2 za mwanzo nusu ya kiasi hicho inatosha. Kwenye udongo wa kichanga mwagilia kila siku, na kwenye ule mzito wa mbugani unaweza kuruka siku moja ukaongeza kipimo. Mwagilia alfajiri. Maji ya jioni yanayolala juu ya majani usiku wa baridi huleta ubwiri vinyoya, yaani ugonjwa wa ukungu wa majani.

Matandazo hupunguza kazi hii kuliko kitu kingine chochote. Tandaza nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa kwa unene wa sentimita 5, ukiacha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina ili mchwa wasipate daraja. Ukiona mchwa wamezidi, tumia samadi chakavu badala ya mabua.

Maji ya visima vingi vya mkoa huu yana chumvi, na wenyeji wa Hombolo na vijiji vingine hawahitaji kuambiwa. Sukuma wiki huvumilia chumvi kiasi, si sana. Dalili yake ni ukungu mweupe juu ya udongo uliokauka na kingo za majani ya chini kuungua kama karatasi iliyokaribia moto. Kumwagilia kidogo kidogo mara nyingi huzidisha tatizo, kwa kuwa maji huondoka na chumvi hubaki. Kila baada ya wiki 2 au 3 mwagilia mara moja kwa wingi, karibu mara mbili ya kipimo cha kawaida, ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na kama una maji ya bomba ya mgawo au ya mvua uliyohifadhi, yatunze kwa ajili ya kitalu, kwa maana mche mchanga ndio unaoumia zaidi.

Kukuzia na kuchunguza wadudu

Wiki 3 baada ya kupandikiza weka mbolea ya kukuzia: kijiko kimoja cha chai cha CAN kwa mche, sentimita 10 kutoka shinani, kisha mwagilia. Rudia kila baada ya wiki 4 za kuchuma. Asiyetaka ya dukani aloweke samadi iliyooza kwenye pipa, sehemu 1 ya samadi kwa 5 za maji, kwa wiki 2, na aimimine kwenye udongo, si kwenye majani.

Wadudu hawahitaji ratiba ya kupuliza dawa, wanahitaji macho. Mara 2 kwa wiki geuza majani ya mimea kama 10 na uangalie mgongo wake. Vidukari hukaa hapo, wa rangi ya kijivu na vumbi jeupe kama unga. Jike la kidukari huzaa bila dume, ndiyo maana jani lenye 5 Jumatatu huwa na makumi Jumapili. Wakiwa wachache, kata jani hilo na ulifukie. Wakiwa wengi, changanya kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji katika lita 3 za maji na upulize chini ya majani jioni.

Kiwavi wa nondo mgongo-almasi ni mdogo, wa kijani, na ukimgusa hujinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Hula jani kutoka chini na kuacha ngozi ya juu, hivyo jani huwa na vidirisha vinavyopitisha mwanga. Mdudu huyu amezoea dawa nyingi za viwandani, na kuongeza kipimo hakusaidii. Mwarobaini, ambao mjini Dodoma uko karibu kila mtaa, unafaa zaidi: twanga gramu 50 za kiini cha mbegu kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku mzima, chuja, tia sabuni kidogo, na upulize jioni kwa kuwa jua huua nguvu yake. Ukitumia dawa ya dukani, soma kwenye kibandiko idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma na uziheshimu.

Ugonjwa wa kuogopa zaidi ni uozo mweusi. Huanza ukingoni mwa jani kwa doa la manjano lenye umbo la V, ncha ikielekea kwenye mshipa mkuu, na mishipa ndani yake hugeuka myeusi. Hauna dawa. Ng'oa mmea wote, uchome, na usiguse mimea mingine kabla ya kunawa mikono.

Kuchuma

Anza na majani ya chini yakiwa makubwa kama kiganja kilichofunguliwa au zaidi kidogo. Shika kikonyo karibu na shina, usukume chini kwa pembeni, kitoke chote. Kipande kinachobaki huoza na kuwa mlango wa magonjwa. Chukua majani 2 au 3 kwa mmea kila wiki na uache yasiyopungua 6 juu. Mnunuzi anayekuja akitaka mafungu mengi ghafla ndiye anayeharibu bustani, kwa kuwa mmea uliovuliwa hadi ukabaki na majani 3 huchukua wiki kadhaa kurudi. Chuma asubuhi, funika kwa kitambaa chenye unyevu, na usiyaanike juani ukisubiri bodaboda.

Machipukizi yanayotoka ubavuni yaondoe yakiwa madogo ili nguvu iende kwenye majani makuu, lakini mwezi Agosti bakiza mawili matatu kwenye mimea iliyokuwa bora. Yakifika urefu wa kiganja na nusu, yabandue, punguza majani yake makubwa, na uyachomeke kitaluni chini ya kivuli chenye unyevu. Mengi yatatoa mizizi, nawe utakuwa na miche ya aina unayoijua bila kununua mbegu.

Katikati ya Septemba joto litajulisha kuwa limerudi. Majani yatapungua upana, na kunguni wadogo weusi wenye madoa ya rangi ya chungwa watatokea, wakifyonza hadi jani libaki na mabaka meupe. Kwenye mimea 10 iliyo karibu na maji unaweza kukata shina kwa kimo cha sentimita 20 na kuliacha lichipue chini ya kivuli cha mabua. Iliyobaki ing'oe yote pamoja na mizizi na uifukie mbali, maana kunguni hao huzaliana kwenye masalia. Tuta lenyewe liache na matandazo yake hadi mvua za Desemba, kisha panda kunde.